Mstari wa Jina: Salamu za Sikukuu kati ya Wasanii wa Imani Tofauti

Wiki ya mwisho ya Desemba 2000 ilibeba sikukuu nyingi kuliko kawaida yake. Hanuka ya Wayahudi ilianza tarehe 22, Krismasi ikaja 25, Kwanzaa ya Wamarekani weusi ikafunguliwa 26, na tarehe 27, katika nchi nyingi, Waislamu wakaswali Idi baada ya kumaliza Ramadhani. DeviantArt, mojawapo ya mahali pa mwanzo ambapo wasanii wa dijitali kutoka kila pembe ya dunia walipata pa kutundika kazi zao, ilikuwa haijatimiza hata miezi mitano. Leo si ajabu mchoraji wa Mombasa akawa na rafiki Kraków na mwingine Jakarta, watu ambao hajapata kuwaona uso, lakini kazi zao anazijua hivi kwamba akioneshwa picha isiyo na saini atakutajia aliyeichora. Ikifika sikukuu ya mmoja wao, hawapelekeani sahani ya pilau wala kupeana mkono wa Idi. Wanachoreana. Na hapo swali la zamani la dini linarudi likiwa zito zaidi: anayemchorea mwenzake picha ya sikukuu ya dini asiyoiamini, je, anatoa ushahidi wa uongo? Msimamo wangu ni kwamba hadanganyi wala hakufuru, kwa sababu salamu hupelekwa kwa mtu, haipelekwi kwa fundisho. Lakini kwa sababu hiyohiyo, salamu isiyomlenga mtu yeyote ina kasoro kubwa kuliko salamu iliyovuka mpaka wa dini, na kasoro hiyo tumeizoea kiasi kwamba haitushtui tena.

Salamu ya sikukuu iliyochorwa ina historia yake. Mwaka 1843, jijini London, Henry Cole, mmoja wa watu walioshughulikia kuanzishwa kwa posta ya peni moja miaka mitatu nyuma, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya Krismasi. Zilichapwa takriban elfu moja, zikatiwa rangi kwa mkono, zikauzwa shilingi moja moja. Ukiiangalia kadi hiyo kwa makini, utaona matawi ya mzabibu yameigawa sehemu tatu. Katikati, familia ya vizazi kadhaa imeinua glasi za divai. Pembeni, upande huu wenye njaa wanalishwa, upande ule walio uchi wanavikwa. Hakuna hori, hakuna nyota, hakuna malaika. Lawama zilizoifuata hazikuhusu imani kabisa: watu wa harakati za kupinga ulevi walichukizwa na mtoto mdogo anayenyweshwa divai kwenye picha. Tayari hapo tunaona kwamba picha husema kupita maneno yaliyoandikwa juu yake, na kwamba mchoraji huulizwa kwa kila alichokiweka. Ila jambo linalonivuta zaidi katika kadi ile ni dogo. Juu kulikuwa na mstari mtupu wa kuandika jina la anayepelekewa, na chini mstari wa jina la anayepeleka. Bidhaa ya kiwandani, nakala kwa nakala, haikuwa salamu mpaka mtu ashike kalamu aandike ni ya nani na imetoka kwa nani.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya salamu za kuvuka dini limetoka kwa watu waliolitafakari jambo hili kwa uchungu wa kweli, na haifai kulipunguza makali ndipo tulijibu. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki 1350, aliandika katika kitabu chake cha hukumu za wasio Waislamu waishio chini ya dola ya Kiislamu kwamba kuwapongeza kwa ibada zao mahususi, sikukuu zikiwemo, ni haramu kwa makubaliano ya wanazuoni. Akaliona kosa hilo kuwa kubwa kuliko kumpongeza mlevi kwa ulevi wake au muuaji kwa damu aliyomwaga. Hoja yake inaeleweka: kupongeza ni kuridhia, na ukimtakia mtu heri kwa jambo umekiri kwamba jambo lile ni la heri. Fatwa zinazozunguka kila Desemba katika makundi ya WhatsApp ya Waislamu wa Afrika Mashariki nyingi zimesimama juu ya nguzo hii. Ukristo nao una lake. Waraka wa Pili wa Yohana unawakataza waumini kumkaribisha nyumbani, hata kumsalimu, mtu anayekuja bila mafundisho yao, kwa kuwa anayemsalimu anashiriki matendo yake. Wapo pia Wakristo walioikataa Krismasi yenyewe: Massachusetts, koloni la Wapuritani, ilipitisha sheria mwaka 1659 ya kumtoza shilingi tano anayeiadhimisha, na sheria hiyo ikadumu hadi 1681. Watu hawa wa nyakati na imani mbalimbali wanakutana kwenye jambo moja, kwamba salamu si upepo. Ina maana na anayeitoa ataulizwa. Hapo niko pamoja nao moja kwa moja, na nadhani wana heshima zaidi kwa salamu kuliko yule anayesema ni maneno tu, yaache yapite.

Tunapoachana ni kwenye swali la kile ambacho salamu inakishuhudia. Ibn al-Qayyim mwenyewe, katika mjadala huohuo, anatenganisha pongezi za sikukuu ya kidini na pongezi za mambo ya mtu: ameoa, amepata mtoto, amepona, msafiri wake amerudi. Haya ya pili anayaeleza kuwa yana rai zaidi ya moja, na walioyaruhusu wapo. Basi hata fakihi mkali alikiri kwamba furaha ya jirani inaweza kutambuliwa bila kuitambua dini yake. Kilichobaki ni kuuliza sikukuu ya mtu wa leo iko upande gani wa mstari huo, na jibu la haki ni kwamba iko pande zote mbili. Kwa yule mchoraji wa Kraków ipo misa, na hiyo ni ibada yake. Lakini pia yupo mama aliyesafiri kutoka mbali, kuna meza ya familia, kuna mwaka wa kazi unaofungwa. Huko Poland, mkesha wa Krismasi, huandaliwa sahani moja ya ziada na nafasi yake mezani kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Anayempelekea salamu anaifikia meza hiyo, na ni vigumu kuona amekana nini katika imani yake kwa kufanya hivyo.

Wanazuoni wa zama zetu walioruhusu salamu hizi, miongoni mwao Dar al-Ifta ya Misri na Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, walilipa uzito jambo hili, wakashikilia kwamba wema kwa watu ni kitu kimoja na kushiriki ibada yao ni kingine. Msingi wao mkubwa ni aya ya nane ya Surat Al-Mumtahina, ambayo haiwakatazi Waislamu kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa sababu ya dini wala kuwatoa majumbani mwao. Na kuna habari katika Sahihi Bukhari ambayo ningependa kila kundi la wasanii mchanganyiko liijue: Mtume Muhammad alipita kwenye baraza lililokaliwa na Waislamu, washirikina na Mayahudi pamoja, naye akawasalimu. Hakuwatenga kwanza. Kuhusu Yohana, waraka wake unazungumzia walimu waliokuwa wakisafiri nyumba kwa nyumba kueneza fundisho, na kuwapokea kulikuwa ni kuwapa jukwaa. Mchoraji mwenzako anayekutumia picha ya mwezi mwandamo hajaja kukufundisha kitu, na Injili ya Mathayo, sura ya tano, inauliza wazi mtu anatofautianaje na wengine iwapo anawasalimu ndugu zake tu.

Mtu makini atanijibu kwamba yote hayo ni ya maneno, na picha ni jambo jingine. Neno hutamkwa mara moja likaisha; picha ya hori lenye mtoto humtaka mchoraji akae nayo usiku kucha, leya juu ya leya, akiamua nuru itoke wapi. Correggio, Mwitalia wa karne ya 16, alipochora kuzaliwa kwa Yesu aliifanya nuru itoke kwa mtoto mwenyewe, ikiwaangazia nyuso walioinama, na kwa kufanya hivyo alitamka itikadi kamili bila kuandika hata herufi. Mwislamu akiichora nuru ile kwa mkono wake, je, tuseme bado anamsalimu mtu tu? Pingamizi hili nalikubali kwa nusu. Picha ina ushahidi ndani yake kuliko neno, na msanii asiyeamini fundisho fulani ana haki, tena ana wajibu mbele ya nafsi yake, asilichore kana kwamba analiamini. Anayemlazimisha afanye hivyo kwa jina la urafiki anamdai zaidi ya anachodaiwa. Lakini nusu ya pili siikubali, ile inayohitimisha kwamba basi asichore chochote.

Surat Maryam ina tukio lake la kuzaliwa. Maryam, akiwa peke yake katika uchungu wa uzazi, amefika kwenye shina la mtende. Kijito kinapita chini yake. Anaambiwa alitikise shina zimwangukie tende mbivu. Sura hiyohiyo inamtaja Isa akitamka amani juu ya siku aliyozaliwa. Mchoraji Mwislamu anayetaka kumtakia heri rafiki yake Mkristo ana mandhari kamili ndani ya kitabu chake mwenyewe: mtende, maji, tende, mwanamke aliyechoka akipata nafuu. Kama kwake ni mwiko kuchora sura za watu hao watukufu, kama ilivyo kwa wengi, mtende na kijito vinatosha, na Mkristo anayesoma kidogo atajua kimekusudiwa nini. Picha hiyo haina uongo hata chembe. Imetoka kwenye imani ya mchoraji, ikamfikia mwenzake kwenye furaha yake, na tofauti kati ya hori na mtende imebaki pale pale, haijafichwa. Kwangu mimi salamu ya namna hii ina thamani kuliko ile ambayo kila mmoja anajifanya yeye ni mwenzake. Mkristo naye anapoelekea Idi ana njia pana: mwezi mwandamo hauabudiwi na mtu, futari na nguo mpya za watoto hazina kanuni ya imani ndani yake, na furaha ya mtu aliyefunga mwezi mzima akamaliza anaielewa kila aliyewahi kumaliza Kwaresima.

Mfano mmoja wa hadharani unaonesha jinsi msanii na anayetumia kazi yake wanavyoweza kusimama mahali tofauti ndani ya salamu moja. Tarehe 1 Septemba 2001 Posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 34 yenye maneno ya pongezi za Idi kwa Kiarabu. Aliyeyaandika ni Mohamed Zakariya, mzaliwa wa California aliyesilimu na kusomea kaligrafia kwa mabingwa wa Istanbul. Alitumia wino aliouchanganya mwenyewe na kalamu za matete, juu ya karatasi iliyopakwa wanga, kisha shabu na ute wa yai, ikasuguliwa kwa jiwe la akiki na kuachwa ikomae kwa zaidi ya mwaka. Alipomaliza hati ile nyeusi juu ya nyeupe, rangi zilitiwa kwa kompyuta: herufi za dhahabu kwenye uwanja wa samawati. Kwa Zakariya kazi ile ilikuwa ibada. Kwa karani wa posta aliyeiuza ilikuwa stempu. Kwa Mmethodisti aliyeibandika kwenye bahasha ya jirani yake Mwislamu ilikuwa salamu, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba amesilimu. Siku kumi baada ya kutolewa kwake yakatokea mashambulizi ya Septemba 11, zikasikika sauti za kutaka stempu ile iondolewe. Haikuondolewa, na mwaka 2002 ikatolewa tena kwa bei mpya ya senti 37. Wale waliotaka iondolewe walikuwa wamelichukua fundisho wanaloliogopa wakalibandika juu ya watu waliotakiwa heri, mpaka watu wenyewe hawakuonekana tena.

Kutokana na ugumu wote huu, wengi wamekimbilia njia wanayoiona salama: kuwaandikia wote kwa pamoja heri ya sikukuu bila kutaja sikukuu ipi, juu ya picha ya theluji au taa za rangi ambazo haziwezi kumuudhi yeyote. Nia yao naiheshimu. Katika kundi la watu elfu hakuna awezaye kumchorea kila mtu, na anayetaja Krismasi peke yake huenda akamwacha nje Myahudi, au Mwethiopia ambaye Krismasi yake ni Januari 7. Mafakihi walikwishalifikiria jambo la kuwasalimu wengi. Walisema kutoa salamu ni sunna na kuijibu ni faradhi, na kwamba inaposalimiwa jamaa, akijibu mmoja wao, dhima imewaondokea wengine. Kwa hiyo salamu ya jumla ni salamu halali kabisa. Lakini tazama wanavyoihesabu: hata inapotolewa kwa kundi, kuna watu waliopo, kuna deni, kuna anayetakiwa kufungua mdomo. Salamu ya taa za rangi mara nyingi haina deni. Imetengenezwa isimguse mtu, na kwa kweli haimgusi. Anayejua kwamba katika kundi lake yupo Mhindu anayesherehekea Diwali, yupo Mkristo wa Tewahedo na yupo Muibadhi wa Muscat, akawataja watatu hao kwa sikukuu zao kila moja kwa wakati wake, atakosea mara moja mbili na atasahihishwa. Kosa hilo ni dogo. Na asiyekuwa na dini kabisa, anayeudhika kwa kutakiwa heri ya sikukuu asiyoishika, ana haki ya kusema hivyo mara moja na kusikilizwa, hahitaji fatwa.

Wapo watakaosema tatizo ni mashine: salamu zilikuwa na uzito mpaka zilipoanza kufowadiwa kwa kubonyeza mara moja. Historia haiwaungi mkono. Ujumbe mfupi wa kwanza kabisa wa simu, uliotumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa salamu ya Krismasi. Neil Papworth, mhandisi, aliuandika kwenye kompyuta akampelekea Richard Jarvis wa Vodafone, aliyekuwa kwenye sherehe. Teknolojia ilianza na salamu, na ilikuwa na jina la mpokeaji. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu, simu ya Jarvis haikuwa na namna ya kujibu kwa ujumbe. Dhahabu ya Zakariya nayo ilitoka kwenye kompyuta. Chombo hakiiharibu salamu. Hata hivyo kuna mashine moja ambayo wasanii wana haki ya kuitilia shaka, na shaka yao ni ya kidini kuliko wanavyofikiri. Januari 2023 wachoraji watatu wa Marekani walifungua kesi California dhidi ya Stability AI, Midjourney na DeviantArt wakidai kwamba kazi za wasanii zilitumika bila idhini kuzifundisha programu zinazozalisha picha. Mahakama zina kazi yao. Lakini kwa mtu anayeamini haki za waja, haki ambazo toba peke yake haizifuti mpaka mwenye haki aridhiwe, swali linakuja mapema kuliko hukumu ya jaji. Akimtumia mchoraji mwenzake kadi ya Idi iliyozalishwa na programu ambayo huenda ilimeza kazi za huyohuyo mchoraji, anampa zawadi au anamrudishia mali yake bila kumwomba radhi? Sioni jinsi mtu anavyoweza kumtakia baraka mwenzake huku akilikwepa swali hilo, hasa wakati mwenzake mwenyewe ameshasema kwamba linamuumiza. Mchoro wa dakika kumi wenye mtende uliopinda una haki zaidi ya kuitwa salamu.

Linabaki deni la jibu, ambalo naona ndilo linalosahaulika kuliko yote. Aya ya 86 ya Surat An-Nisaa inaamuru anayesalimiwa arudishe iliyo bora zaidi au iliyo sawa. Kwanzaa, iliyoanzishwa California mwaka 1966 na Maulana Karenga, imeliingiza jambo hili ndani ya muundo wake: salamu yake ni swali la Kiswahili, habari gani, na anayeulizwa hujibu kwa kutaja msingi wa siku hiyo, ambao siku ya sita huwa ni Kuumba. Anayenyamaza ameivunja. Katika kundi la wasanii, moyo mwekundu uliobonyezwa chini ya picha ni jibu, lakini ni sawa na kuitikia huku umegeuza uso. Iliyo bora zaidi haina maana ya picha kubwa zaidi. Aliyeletewa mtende akaandika kwamba ameona jinsi maji yalivyochukua rangi ya tende, na akauliza kwa nini shina limechorwa likiegemea kushoto, amejibu kwa iliyo bora, kwa sababu ameitazama kazi na amemtazama aliyeifanya. Anayejua kuchora anaweza kuongeza mchoro. Asiyejua, au aliyefiwa mwaka huo na hana hamu ya sikukuu yoyote, anaweza kuandika mistari miwili yenye jina la mwenzake juu na lake chini, na deni likawa limelipwa.